Mlezi wa Brighton na Nathari Tusiyoisomesha

Waandishi wawili waliozaliwa mbali na Uingereza na kuhamia kusini mwa nchi hiyo wametunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi: Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki, mwaka 2017, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021. Wote wawili huandika kwa Kiingereza, nao wamehakikiwa mpaka wino ukakauka. Makala haya hayawahusu. Yanamhusu mwanamke aliyezaliwa Fukuoka, Japani, mwaka 1965, akahamia Uingereza mwaka 1996, na ambaye hadi leo anaishi Brighton, mji wa pwani ya kusini. Jina lake la uandishi ni Brady Mikako. Ameishi ughaibuni kwa takriban miaka 30, ameolewa huko, amezaa huko, amefanya kazi huko, lakini vitabu vyake anaviandika kwa Kijapani na wasomaji anaowalenga wako Japani.

Msomaji ana haki ya kuuliza Mjapani huyu anatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Dai langu ni kwamba ametenda jambo ambalo sisi tuna lugha ya kulitenda, tuna historia ya kulitenda na tuna watu wenye tajriba ya kulitenda, ila tumelisahau. Amechukua kazi ya mikono, kazi ya kufuta watoto makamasi na kuwabadilisha nepi, akaifanya kuwa nathari ya kuchambulia jamii nzima. Hakuunda wahusika. Hakubuni kijiji chenye jina la kitashtiti. Ameandika aliyoyaona kazini.

Tuanze na usuli, maana bila huo kazi zake hazieleweki. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wajapani wengi walijiaminisha kwamba taifa lao lote, watu milioni 100 na ushei, ni la tabaka la kati. Kulikuwa na msemo mashuhuri wa kulisisitiza jambo hilo. Brady alikuwa binti wa kibarua wa ujenzi. Alipasi vizuri akaingia shule ya upili yenye sifa, na baada ya masomo alikuwa akifanya kibarua ili apate nauli ya kwendea shule. Ameeleza kwamba mwalimu wake alipolijua hilo hakusadiki, kwa kuwa katika fikra za mwalimu mwanafunzi wa aina hiyo hakuwepo tena nchini. Jambo hili si dogo. Umaskini unaonyimwa jina humfanya mwenye nao aonekane mwongo. Naamini hapo ndipo penye mzizi wa mapenzi yake kwa Uingereza, nchi ambayo kwa ubaya wake wote haikuwahi kujidai kwamba haina matabaka. Huko mtu hutambulishwa tabaka lake na lafudhi yake kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Na kwa kijana aliyeupenda muziki wa panki wa akina John Lydon, huko ndiko kulikokuwa na hasira iliyoimbwa kwa sauti.

Kitabu ninachokienzi kuliko vyote alivyoandika ni *Kodomotachi no Kaikyū Tōsō*, yaani *Mapambano ya Kitabaka ya Watoto*, kilichotolewa mwaka 2017 na kupata Tuzo ya Shincho ya maandishi ya kweli mwaka huohuo. Kinahusu kituo cha kulelea watoto kilichokuwa ndani ya taasisi ya kuwasaidia wasio na ajira na wenye kipato cha chini mjini Brighton. Alifanya kazi hapo katika vipindi viwili, 2008 hadi 2010, kisha 2015 hadi 2016. Kituo hicho alikibandika jina la *teihen takujisho*. Neno *teihen* katika hesabu za Kijapani ni ule mstari wa chini wa pembetatu, ambao vitabu vyetu vya hisabati huuita kitako. Katika maisha ya kila siku ni watu wa chini kabisa. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "kituo cha kitako" atachekwa. Nadhani angeazima lugha ya matokeo ya mitihani na kusema kituo kinachoburura mkia. Tutalirudia suala hili la tafsiri, maana kwangu ndilo lenye utamu.

Tazama mpangilio wa kitabu. Sehemu ya kwanza ni ile ya 2015 na 2016; sehemu ya pili inarudi nyuma hadi 2008. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataitambua hapo mbinu rejeshi, atie alama na kuendelea. Lakini mbinu hii haikuwekwa kwa urembo. Msomaji anaingia kwanza katika kituo kilichochakaa: fedha zimekatwa, vifaa vimepungua, walezi hawatoshi. Kisha anarudishwa katika kituo kilekile miaka michache kabla, kikiwa bado maskini, watoto wake wakiwa wagumu, wengine wakitoka nyumba zilizovunjwa na pombe na mihadarati, ila kikiwa na watu na imani. Baina ya vipindi hivyo kuna tukio moja tu kubwa la kisiasa. Mnamo Mei 2010 serikali ya chama cha Labour iliondoka, ikaingia ya muungano chini ya David Cameron pamoja na sera zake za kubana matumizi ya umma. Brady hamhutubii msomaji kuhusu bajeti. Anamwonyesha rafu za wanasesere zikipungua. Mwishoni kituo kinafungwa, na nafasi yake inachukuliwa na benki ya chakula, yaani mahali pa kuwagawia wenye njaa vyakula vya msaada. Chumba kilichokuwa cha kukuzia watoto kikawa cha kuwapa wazazi wao kopo la maharagwe. Mwanauchumi angehitaji majedwali mangapi kulisema hilo?

Kuna jambo jingine ndani ya kitabu hicho ambalo linapaswa kutusumbua sisi tunaoandika tasnifu kwa kuongozwa na nadharia ya Ki-Marx. Tasnifu zetu, kusema kweli, zimekuwa na jedwali moja lisilobadilika: upande huu mabwanyenye, upande ule makabwela; upande huu mkoloni mweupe, upande ule mnyonge mweusi. Brady alipokirudia kituo mwaka 2015 alikuta wengi wa wazazi ni wahamiaji, watu wenye bidii waliokuja kujiendeleza kimasomo. Waingereza weupe maskini, ambao zamani walikuwa wengi, wamebaki wachache, hasa akina mama wasio na waume wanaoishi kwa ruzuku ya serikali. Na wahamiaji wale waliwakwepa. Hawakutaka watoto wao wacheze na watoto wa hao. Walionekana wavivu, walevi, wasio na adabu. Waliozoea kubaguliwa kwa rangi wakawa wanabagua kwa tabaka, na aliyebaguliwa alikuwa mwenyeji mweupe. Kiingereza kina neno la kuwadharau watu hao, *chav*, ambalo Owen Jones aliliandikia kitabu kizima mwaka 2011. Katika Kiswahili tuna akina yahe, walalahoi, makabwela, wachochole, kapuku. Lakini mengi ya maneno hayo yana huruma au kejeli ya mtu anayejisema mwenyewe. Mlalahoi hujiita mlalahoi. Neno la dharau tupu, la kumtolea mtu maskini kasoro ya tabia kwa sababu ya umaskini wake, tunalo? Nawaachia wanaleksikografia.

Naharakisha kusema kwamba Brady hawatetei Waingereza wale kama malaika, wala hawashutumu wahamiaji, ambao yeye ni mmoja wao. Anaonyesha tu kwamba fungu likipunguzwa, wa chini hutazamana wao kwa wao kwa jicho la husuda. Miezi michache baadaye, tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na wachambuzi wakashangaa hasira ile imetoka wapi. Aliyekuwa akiwalea watoto wao hakushangaa sana.

Kuhusu kazi yenyewe ya ulezi, wahenga wetu walinena kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na Brady ni mmoja wa waandishi wachache waliochukulia kauli kama hiyo kwa uzito wa kitakwimu. Katika *This Is Japan* cha mwaka 2016 alirudi nyumbani na kuvitazama vituo vya watoto vya Japani kwa jicho la mlezi aliyezoea utaratibu wa Uingereza. Huko Uingereza, wakati huo, mlezi mmoja aliruhusiwa kuwaangalia watoto wasiozidi 4 wa umri wa miaka miwili. England imelegeza kiwango hicho hadi 5 tangu Septemba 2023. Nchini Japani mlezi mmoja alikabidhiwa watoto 6 wa umri huo, 20 wa miaka mitatu, na 30 wa miaka minne na mitano. Hiyo 30 iliwekwa mwaka 1948 na haikuguswa hadi mwaka 2024 iliposhushwa kuwa 25. Ukimpa mtu mmoja watoto 30, umeshaamua atawalea vipi: watakaa kimya, watapanga mstari, watafanana. Anuwai ya watoto ni anasa ya penye walezi wa kutosha. Sijasoma hoja nyepesi na nzito kwa pamoja kama hiyo.

Kitabu kilichompa umaarufu ni kingine, *Boku wa Ierō de Howaito de, Chotto Burū*, cha mwaka 2019, yaani *Mimi ni Manjano, Mweupe, na Buluu Kidogo*. Kilizoa tuzo, ikiwamo tuzo maalumu ya utamaduni wa uchapishaji ya gazeti la Mainichi, na kikauzwa kwa wingi usio wa kawaida kwa kitabu cha aina yake. Kinamhusu mwanawe, ambaye baba yake ni Mwairishi na mama yake Mjapani. Kijana huyo alitoka shule ya msingi ya Kikatoliki iliyosifika mjini akajiunga na shule ya upili ya mtaani kwao, ambayo zamani ilikuwa ikiburura mkia. Hapo msomaji anagundua kinyume kingine: shule ile nzuri ilikuwa na watoto wa rangi na nchi nyingi, ilhali ile ya walalahoi ilikuwa na weupe watupu. Wahamiaji wenye uwezo husoma orodha za matokeo na kuhamisha watoto wao. Kwa hiyo hata anuwai yenyewe imekuwa mali, na wenye nacho ndio wanaojaliwa kukaa nayo.

Jina la kitabu lilitokana na maandishi ya kijana huyo pembeni mwa daftari. Alikuwa amejibu katika zoezi kwamba rangi ya buluu huashiria hasira, akasahihishwa kuwa ni huzuni. Hapa mfasiri wa Kiswahili atakwama kwa furaha. Kwetu buluu haina huzuni wala hasira. Ni rangi ya mbingu na bahari, ndiyo maana ikaitwa samawati. Katika Kijapani neno *aoi* hubeba buluu na kijani kwa pamoja, na humaanisha pia mtu ambaye hajapevuka. Mwishoni mwa kitabu kijana anasema kwamba sasa yeye ni kijani, na Kiingereza nacho kina kijani cha uchanga na cha wivu. Basi linganisha na kwetu: kijani kibichi! Ubichi umo ndani ya jina la rangi, na mtu mbichi ni yule yule wa Kijapani asiyepevuka. Kiswahili, ambacho hakikuhusishwa hata kidogo katika mazungumzo hayo, kinaubeba mwisho wa kitabu hicho kwa urahisi kuliko kinavyoubeba mwanzo wake. Anayetafuta mada ya tasnifu ya tafsiri asiseme hakuonyeshwa.

Ugumu mwingine uko katika dhana ambayo baadaye aliitolea kitabu kizima mwaka 2021. Mwanawe aliulizwa katika mtihani wa elimu ya uraia maana ya ule uwezo wa kuhisi kwa niaba ya mwingine. Alijibu kwa usemi unaojulikana na kila Mwingereza, wa kuvaa viatu vya mtu. Wasomaji wa Japani waliupenda usemi huo kwa sababu kwao neno lenyewe lilikuwa likichanganywa na huruma. Sisi nasi tunachanganya. Tuna huruma, tuna imani, tuna kite. Zote ni hisia zinazomjia mtu bila kuzitafuta. Ule uwezo wa akili wa kujikalifisha kuwaza kama mtu usiyempenda hauna neno moja. Na methali zetu zinaelekea upande mwingine kabisa: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwingereza anasema jaribu, Mswahili anasema hutajua. Wapo watakaosema methali hizi ni za kukata tamaa. Mimi naziona zina adabu zaidi. Kiatu huvaliwa na kuvuliwa. Kunguni wa mwenzio huwafahamu mpaka alale mwenyewe aamke akueleze. Kwa maana hiyo methali zetu zinatutuma kumsikiliza mwenye kitanda, na Brady mwenyewe, pale anapokuwa bora zaidi, ndivyo anavyofanya.

Anapokuwa dhaifu, hafanyi hivyo, nami sina sababu ya kumfichia. Kipo kisa katika kitabu hicho kuhusu msichana aliyehamia kutoka Afrika na kuingia shuleni wakati wanafunzi wanafundishwa kuhusu ukeketaji. Somo hilo lina sababu zake: Uingereza ililiharamisha tendo hilo mwaka 1985, na Kenya ikatunga sheria yake kali mwaka 2011. Lakini baada ya somo, macho yote yanamgeukia msichana mmoja. Brady anapokutana na mama yake anamuuliza, kwa nia njema kabisa, kuhusu mipango ya likizo. Mama anahisi kwamba anapekuliwa iwapo atampeleka binti yake Afrika akakatwe, na anajibu kwa ukali. Brady anakiri kwamba alikanyaga bomu. Ni ungamo la uaminifu, na wasomaji wake wengi wamelisifu. Ila mama yule haonekani tena kwa namna ya kutosha. Tunajua alivyojisikia aliyeuliza. Aliyeulizwa tunamwona mgongo. Jina la nchi yake halituliwi, lugha anayomsemesha mwanawe nyumbani haitajwi uzito. Yeye ni "Afrika". Kwa mwandishi aliyetufunza kwamba Waingereza weupe si kitu kimoja, hili ni pengo.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa na Mjapani. Lingezibwa na mama mwenyewe, au na mtu wa kabila la kazi yake, akiandika kwa lugha yake kwa watu wake. Na hapa ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wetu wa afya huko. Wakenya wengine wengi wako katika nyumba za wazee za Uingereza na majumbani mwa watu katika nchi za Ghuba, wakiwa mayaya, wapishi na walezi. Hao wanajua matabaka ya mataifa hayo kuanzia kwenye beseni la kufulia. Habari zao tunazipata kwa njia mbili: picha za jeneza uwanjani, au riwaya ya mtu aliyewabuni.

Kiswahili hakikuanza hivyo. Salim bin Abakari alizunguka Urusi na Siberia katika miaka ya 1890 akiandamana na Mjerumani, akasimulia aliyoyaona kwa nathari kavu, yenye udadisi, na simulizi lake likachapishwa katika *Safari za Wasuaheli* cha Carl Velten mwaka 1901. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad na tawasifu yake mwenyewe pamoja na insha. Adam Shafi alitupa *Mbali na Nyumbani* mwaka 2013, na Ken Walibora *Nasikia Sauti ya Mama*. Said Ahmed Mohamed alifundisha Osaka kabla ya kwenda Bayreuth. Osaka, mji wa vibarua na wahamiaji, lakini sisi tunamjua kwa riwaya, tamthilia na mashairi, maana hivyo ndivyo tulivyomwomba.

Tulimwomba kwa mtaala. Karatasi ya fasihi ya KCSE ina riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Nathari ya kweli haimo. Insha tunaifundisha kama zoezi la kutahiniwa, yenye urefu uliopangwa na methali ya kufungulia, na tukishapata alama tunaitupa. Chuoni hali si nafuu sana: tawasifu hupata mihadhara miwili, kisha turudi kwenye riwaya. Mhadhiri mmoja aliwahi kutujibu darasani kwamba maandishi ya aina hiyo ni uandishi wa habari na mahali pake ni idara nyingine. Kwa kigezo hicho *Kodomotachi no Kaikyū Tōsō* nacho si fasihi, na wala hakihitaji kuwa, kinasomwa.

Napendekeza hatua ndogo iliyo ndani ya uwezo wa chama chetu. Jarida hili hutenga kurasa za mashairi katika kila toleo. Zitengwe nyingine kama nne za simulizi za kazi, ziandikwe na yeyote mwenye kazi ya kusimulia, awe muuguzi aliyeko Leeds, yaya aliyerudi kutoka Riyadh, au mwanafunzi mwenzetu anayelipa karo kwa kulea watoto wa wenyewe mtaani. Mhariri asiwasahihishe hadi wakafanana na sisi. Wengi wao hawatajua kuandika "mintarafu" wala "fauka ya hayo", nami ninayeandika makala haya nisingependa wafundishwe kabla hawajamaliza kutuambia kunguni wa vitanda vyao wanauma vipi.